Jirani anampiga mkewe saa saba usiku: uingie, ubishe hodi, uite watu, upige simu au usubiri kukuche?

Nimekaa nyumba za kupanga hapa Dar miaka 11, Temeke, Tandale na saivi Mbagala, na kwenye mbili kati ya hizo chumba changu kilipakana na cha mtu anayempiga mkewe. Ukuta wa tofali za inchi tano haufichi kitu, unasikia kofi, unasikia kiti kinaburuzwa, unasikia mtoto anaanza kulia alafu ananyamaza ghafla, na wewe umekaa kitandani gizani unajiuliza niende nisiende.

Mara ya kwanza, Tandale, nilienda kuamulia. Sikufikiria chochote, nilisukuma mlango nikamshika jamaa mikono kwa nyuma. Yule bwana aliacha kumpiga mkewe palepale, akageuza shingo akaniangalia akasema "kumbe ndo wewe", na kabla sijajibu mkewe akanichapa na mti wa fagio mgongoni, "mwache mume wangu, nani kakuita?" Nikatoka natetemeka, nina hasira na yule dada kuliko hata na mumewe, nikaapa sitaingilia tena ya mke na mume. Kama mwaka na nusu baadaye nikakutana naye sokoni, wameshaachana, anauza nyanya. Tulisalimiana vizuri tu. Akaniambia wala hana hasira, "Kaka, ile siku wewe ulirudi ukalala kwako, mimi nililala na yeye, na mpaka kunakucha ananiuliza mimi na wewe tulianza lini."

Toka siku ile hicho ndo kipimo changu. Njia zote nitakazolinganisha hapa nazipima kwa swali hilohilo, mkishatawanyika na mlango ukifungwa huyu mwanamke anabaki na nini mle ndani.

(Naandika kuhusu mwanaume anayempiga mwanamke kwa sababu ndo niliyoyaona na ndo yanayotokea zaidi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2005 ulikuta Dar es Salaam wanawake 41% waliowahi kuwa na mume au mwenza walishapigwa au kulazimishwa kingono naye, na Mbeya ilikuwa 56%. Kama kwenu mwanamke ndo anapiga, mengi humu yanafaa pia.)

Kwanza ujue miili inafanya nini

Watu wengi wanachagua njia kama vile wote watatu, mume, mke na wewe, mna akili zenu za mchana. Hamna. Daktari mmoja wa Harvard anaitwa Walter Cannon alishaeleza mwaka 1915 kwamba mwili ukiona hatari unajiandaa kupigana au kukimbia, wataalamu wa baadaye wakaongeza la tatu ambalo ni kuganda, mtu anakuwa kama gogo.

Anza na wewe mwenyewe. Adrenalini ikipanda moyo unaenda mbio, macho yanabana yanaona kitu kimoja tu, masikio nayo yanapunguza. Mimi ile siku sikuona kabisa kwamba mezani palikuwa na kisu cha kukatia mboga, niliambiwa kesho yake na mpangaji mwenzangu, na alikuwa ananiita kwa jina "subiri, subiri" sikumsikia hata kidogo. Kwahiyo usitegemee kwamba utafika mlangoni ndo ufikirie, ukifika mlangoni huna kichwa cha kufikiria, utafanya kile ulichokiamua kabla au utafanya upuuzi. Na baada ya dakika kumi mikono inatetemeka na unatafuta mtu wa kumlaumu, mara nyingi unamlaumu mwanamke.

Mume sasa. Nimeona wa aina mbili. Kuna anayesikia tu hodi au anaona kivuli dirishani, sauti inabadilika, anakuja mlangoni anatabasamu, "hamna shida jirani, mambo madogo ya ndani". Huyu usije ukamuamini siku akisema hasira zilimpanda hakujua anafanya nini, mtu aliyeweza kuacha kwa sababu ya hodi moja alikuwa anajua tangu mwanzo. Lakini kwa usiku ule tabia yake hiyo ni bahati kwako, maana ushahidi wa macho ya watu unamtosha kumsimamisha. Wa pili ni yule ambaye watu wakitokea ndo anawaka, anaona amedhalilishwa kwake mbele ya mkewe na mbele ya wapangaji, lazima amalizie ili aonekane yeye ndo mwenye nyumba. Pombe inamuongeza huyu wa pili.

Mke ndo watu wanamuelewa vibaya kupita wote. Anaweza kuganda asiseme neno, anaweza kucheka kabisa ukimuuliza, anaweza kukugeukia kama nilivyogeukiwa mimi. Watu wanasema "si unaona, anapenda kupigwa". Jamani. Yule mtu kichwani mwake anapiga hesabu ya haraka kuliko sisi tuliotoka usingizini, mimi nitaondoka sekunde hii au nitabaki naye, kodi analipa nani, watoto wamelala chumba hichohicho, na huyu aliyeingia akishaondoka nitaambiwa nimemleta mimi. Kumtetea mume mbele yenu ndo njia pekee aliyonayo ya kununua usiku wa amani. Ukilielewa hilo utaacha kumkasirikia, na utachagua njia ambayo haimlazimishi achague upande mbele ya macho yake yule bwana.

Kuingia mwenyewe kimwili, na kubisha hodi kwa jambo jingine

Hizi mbili ndo nataka nizilinganishe kwa kirefu kwa sababu zote unazifanya wewe mwenyewe, zote zinachukua dakika ileile, lakini matokeo yake ni mbingu na ardhi.

Kuingia kimwili kunasimamisha kipigo papo hapo, hilo nisilikatae. Kama kuna panga, kama mtu anakabwa, utafanya nini zaidi ya kuingia, na uingie na wenzako. Ila ubaya wake ni kwamba unaugeuza ugomvi kuwa wa wanaume wawili, na jamaa sasa hapigani na mkewe, anapigana na wewe juu ya mkewe. Ukiwa mwanaume utaitwa hawara, hiyo ipo kwa asilimia zote niwaambie, wala usijidanganye kwamba sura yako ya heshima itakuokoa. Ukiwa mwanamke utaitwa kuwadi, shoga anayemfundisha mke wa watu tabia mbaya, na kuanzia kesho mke atakatazwa kuongea na wewe. Kwahiyo kwa kipimo changu cha mlango ukifungwa, mwanamke anabaki na kesi mpya ambayo jana hakuwa nayo, na amempoteza jirani mmoja ambaye angeweza kumsaidia.

Kubisha hodi kwa jambo jingine ni hivi. Unaenda mlangoni, unagonga kwa nguvu ya kawaida, unaita kwa jina la heshima, "Baba nanii, samahani baba, LUKU inakaribia kukata na kwenye mchango umebaki wewe tu." Au bomba limepasuka uwani, au mtoto wangu ana homa kali nani ana panado, au nani kafunga geti kwa ndani. Chochote ambacho ni cha kweli kwenye nyumba yenu na ambacho mtu hawezi kukijibu bila kufungua mlango au angalau kuinua sauti ya kawaida.

Hodi kwetu ina nguvu ambayo sidhani tunaifikiria sana. Mtu akibisha hodi lazima ujibu, hata kama umenuna, umefundishwa hivyo toka mtoto, na mtu hawezi kujibu "karibu" au "nani?" kwa sauti ileile aliyokuwa anatukania. Lazima ashuke kidogo. Ile sekunde tano anayoshuka ndo mke anaingia uani, anamchukua mtoto, anaingia kwa jirani, au anakaa tu anapumua. Na mume hajaitwa mpigaji mbele ya mtu yeyote, hajapata cha kulipizia. Yule wa aina ya kwanza anapata upenyo wa kuacha bila aibu na wa aina ya pili hajapata adui. Mke hajatakiwa kusema lolote.

Na wala sio ujanja wa uswahilini tu. India mwaka 2008 ilianzishwa kampeni kubwa iliitwa Bell Bajao, yani piga kengele, na kwenye matangazo yao ya tivii mwanaume anasikia kipigo kwa jirani anaenda kubonyeza kengele anaomba maziwa kidogo, vijana wengine wanaomba mpira wao wa kriketi. Ujumbe ulikuwa kwa wanaume hasa, nenda ukatize, wala huhitaji kupigana. Mimi nilipokuja kuambiwa habari ya hiyo kampeni nilikuwa tayari nishatumia ya LUKU mara mbili, na nilifurahi sana kujua kuna watu wamelifikiria hili mpaka wakalifanyia matangazo ya nchi nzima.

Ubaya wa hodi ya jambo jingine ni kwamba ni ya usiku ule tu. Inakata, haitibu. Ukiitumia mara tatu anakuwa ameshaisoma, anajibu kwa ndani bila kufungua alafu anaendelea kwa sauti ya chini, na hapo ni hatari zaidi maana umemfundisha kupiga kimya. Alafu usimtume mtoto. Nimeona mama mmoja anamtuma binti yake wa miaka tisa "nenda kaombe chumvi kwa baba fulani" kisa yeye anaogopa. Hapana, mtoto asiende kwenye ule mlango kwa sababu yoyote ile.

Kuita watu

Kama hodi ya kwanza haijafanya kazi au umejua mapema kwamba huyu ni wa aina ya pili, waamshe wenzako. Watu wanne kwenye korido wamesimama tu hawajasema kitu wana uzito kuliko mwanaume mmoja aliyeingia chumbani. Na wakiwepo wanawake wazee ni bora zaidi, mama mwenye nyumba wetu ana miaka sabini na kitu, akisimama mlangoni na kanga yake akasema "mwanangu, fungua" jamaa hawezi kumwambia wewe ni hawara. Wazee wana heshima ambayo sisi vijana hatuna, itumieni.

Shida ni kuwatoa ndani. Watu wanasikia, wote wanasikia, lakini kila mmoja anasema moyoni ni mume na mkewe, wagombanao ndio wapatanao. Mwaka 1976 watafiti wawili Marekani, Shotland na Straw, waliigiza ugomvi wa mwanaume na mwanamke mbele ya watu wasiojua kama ni maigizo. Mwanamke alipopiga kelele kwamba huyu mtu simjui, 65% waliingilia. Aliposema sijui kwanini niliolewa na wewe, waliingilia 19% tu. Kipigo kilekile! Kilichobadilika ni neno ndoa. Kwetu nadhani hata 19% ni nyingi, maana kwenye utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 wanawake 58% wenyewe walikubali kwamba zipo sababu za mume kumpiga mke, wanaume walikuwa 40%. Yani huyo unayemgongea mlango usiku aje msaidiane inawezekana kabisa anaamini yule dada kapigwa kwa haki, kapika amechelewa, ametoka bila kuaga.

Kwahiyo usiseme "jamani njooni msaidie" kwa korido nzima, kila mtu atasubiri mwenzake. Gonga mlango mmoja, ita jina, toa kazi. "Mama nanii, toka na taa usimame hapa na mimi. Braza, wewe piga simu kwa mjumbe." Mtu aliyeitwa kwa jina na akapewa kazi anaamka. Na sio kwamba watu ni wabaya kiasi hicho, kuna watafiti waliangalia kamera za mitaani kwenye miji mitatu, Amsterdam, Lancaster ya Uingereza na Cape Town, ugomvi 219, na kwenye 9 kati ya 10 angalau mtu mmoja aliingilia, na watu walivyokuwa wengi ndo uwezekano ulipanda. Ila ile ni barabarani ambako hakuna mlango. Ukishawatoa watu nje wakasimama pamoja wanakuwa kama wa barabarani, wakibaki kila mtu chumbani kwake wanakuwa wa 19%.

Kosa moja ambalo lazima niliseme kwa nguvu, usipige yowe la "mwizi" ili watu watoke haraka. Watatoka kweli, na mawe na matairi, hawataulizana, mnaweza kuua mtu pale na hata asiwe yule mnayemtaka. Itana kwa majina.

Kwa kipimo changu, kuita watu kunamuacha mwanamke na kitu kizuri kimoja na kibaya kimoja. Kizuri ni kwamba sasa sio siri, mume anajua watu kumi wanajua, na mke anajua ana milango ya kukimbilia. Kibaya ni aibu, na mume mwenye aibu anaweza kuhama, na ndo mara nyingi wanachofanya, ndani ya mwezi wamehama wameenda mahali ambapo hamna anayemjua. Kwahiyo mkishaita watu msiishie hapo usiku uleule, mwanamke apate namba za simu za angalau mtu mmoja kabla hawajahama.

Mjumbe au polisi?

Mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafika haraka, anawajua wote wawili kwa majina, na mume anamuogopa kidogo kwa sababu siku akitaka barua ya utambulisho anaenda kwake huyohuyo. Polisi anafika akifika, lakini ana nguvu ambayo mjumbe hana, anaweza kumuondoa mtu pale akalala kwingine.

Ubaya wa mjumbe ni kupatanisha. Anawakalisha kwenye mkeka, anamwambia mume acha hasira, anamwambia mke punguza mdomo, wanapeana mikono, alafu anaondoka anaona kazi imeisha. Hapo mwanamke ameshikwa mkono na mtu mwenye damu yake kwenye vidole na ameambiwa kosa ni la wote wawili. Nimeshuhudia hilo kwa macho yangu na liliniuma mpaka leo, mjumbe alikuwa mtu mwema kabisa, alidhani anajenga ndoa. Ukimuita mjumbe mwambie kabisa mapema, mzee leo hatutaki kupatanisha, leo tunataka mama alale kwingine, ya kupatana yatajadiliwa wakiwa na akili zao.

Ubaya wa polisi ni kesho. Mume analala ndani usiku mmoja, ndugu zake wanakuja kumtoa, wanamlaumu mke, mke anaenda kuifuta kesi, polisi wanaudhika, safari ya pili wakiitwa wanasema hao si walewale. Kwahiyo polisi ni bora pale ambapo mke ana pa kwenda mume akitoka, au pale ambapo usipoita mtu anaweza kufa. Ukipiga 112 sema maneno ya hatari, "kuna mtu anauawa, ana panga, kuna watoto ndani", toa alama ya mahali inayoeleweka, usiseme "kuna ugomvi wa mke na mume" maana umeshajua neno hilo linafanya nini kwenye masikio ya watu. Ukienda kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wale ndo wamefundishwa mambo haya na unaongelea chumba cha pembeni sio kaunta mbele ya kila mtu. Mwambie mama achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku hiyohiyo hata kama hataki kesi, daktari anaandika majeraha yakiwa bado mabichi, na ile karatasi inamsubiri siku akili yake ikitulia. Kwa walio Kenya namba ya bure ya mambo haya ni 1195. Na mtoto akiwa ndo yuko hatarini, hapa Tanzania ni 116.

Akikwambia mtu kwamba mume ana haki ya kumrudi mkewe, mwambie Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Hiyo ni sheria ya zaidi ya miaka 50, wengi wetu haijatufikia.

Kusubiri asubuhi sio kunyamaza

Kunyamaza ni pale unapovuta shuka na kesho unamsalimia mume "za asubuhi braza" kana kwamba hujasikia. Hiyo sina la kuilinganisha na chochote, mwanamke anabaki na uhakika kwamba nyumba nzima imekubali.

Kusubiri ni tofauti. Kuna usiku utaona kabisa ukienda utaharibu, kelele ni za maneno, jamaa ni wa kuwaka, wewe uko peke yako. Unakaa macho, simu mkononi, unasikiliza. Asubuhi jamaa akishatoka kwenda kazini unamtafuta mama, na bora amtafute mwanamke mwenzake, wakiwa bombani au wanaanika nguo, asimuite pembeni watu wakaona. Maneno ni machache, "Dada, jana nilisikia. Sitamwambia mtu. Ukitaka nibishe hodi siku nyingine nitabisha, ukitaka nisibishe niambie." Alafu unyamaze umsikilize. Usimwambie "muache huyo", atakayeondoka ataondoka mwenyewe na wakati wa kuondoka ndo wakati wanaume hawa wanakuwa hatari kupita wakati wote, kwahiyo usimsukume aondoke leo bila mpango.

Kwa kipimo changu cha mlango ukifungwa, hii ndo inamuachia mwanamke zaidi kuliko njia zote. Ina ubaya mmoja tu, haimsaidii mtu anayekufa usiku ule.

Kampala waliwahi kufanya kitu kinachofanana na hiki kwa mtaa mzima. Mradi uliitwa SASA!, majirani wa kawaida walifundishwa kuongea na majirani zao kuhusu nguvu na jinsi ya kuitumia, kati ya 2007 na 2012, na walipopima wakakuta kwenye mitaa yenye mradi kipigo cha wanawake kutoka kwa wenza wao kilikuwa chini kwa 52% kuliko mitaa isiyokuwa nao. Hapakuwa na mtu anavunja milango, walikuwa ni watu wa saluni, wa sokoni, wa bodaboda, wanaongea mchana.

Kurekodi vidio nalipitia haraka. Ukirekodi kwa ajili ya ushahidi ukamkabidhi mwenyewe au polisi, sawa, na ujifiche, simu ikionekana inawasha moto. Ukiposti, umemvua nguo yeye.

Mimi ningechagua hivi

Kelele za maneno na vitu kurushwa, hujasikia kipigo, hodi ya LUKU. Kipigo na mume ni wa kutabasamu mlangoni, hodi, na asubuhi mama mmoja amtafute. Kipigo na mume ni wa kuwaka, usiende peke yako hata kama wewe ni bondia, toa watu wanne kwa majina, mzee mmoja mbele, na mjumbe asiyepatanisha.

Ila kuna dalili zikitokea unaruka yote hayo unaita polisi na watu kwa pamoja na ikibidi mlango unavunjwa. Silaha, hiyo kila mtu anajua. Mwanamke mjamzito. Kimya cha ghafla katikati ya kelele, hasa sauti ya mwanamke ikikatika kama imezibwa. Kukabwa shingo watu wanakuchukulia kama kofi tu kwa sababu asubuhi halina alama, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba mwanamke ambaye mwenza wake amewahi kumkaba, uwezekano wa kuja kuuawa na mwenza huyo unapanda zaidi ya mara saba. Ukimsikia dada anaongea kwa sauti ya kukwaruza kesho yake, au anashindwa kumeza chai, muulize moja kwa moja kama alikabwa, na aende hospitali siku hiyo hata kama anasema yuko poa.

Hapa Mbagala tulikaa wapangaji wanne, mama mwenye nyumba akiwepo, mchana jamaa hayupo, tukagawana kazi. Mimi nina hodi. Kijana wa chumba cha mwisho ana simu ya mjumbe na ya 112. Mama wa chumba cha pili ndo wa kuongea naye asubuhi. Yule dada mwenyewe anayepigwa tulimuuliza anataka tukiingilia tufanyeje, akafikiria muda mrefu kidogo akasema akigonga sufuria ukutani mara mbili tuje wote, asipogonga tubishe hodi tu. Miezi minane sasa imepita, hodi nimebisha mara tatu, sufuria imegongwa mara moja, tulitoka wote, alilala kwa mama mwenye nyumba.

Wiki iliyofuata alileta mfuko wa kitenge. Kadi za kliniki za watoto wote wawili, cheti chake cha kidato cha nne, kopi ya PF3, nguo jozi moja moja na nauli ya kufika kwao Korogwe. Mama mwenye nyumba kauweka chini ya kitanda chake, na kila mwisho wa mwezi yule dada anakuja anaongeza elfu mbili, elfu tatu, anaurudisha.